Namdai Salamu

Debe la mawese halisafishiki. Lisugue kwa majivu, lisugue kwa mchanga wa ziwani, lianike juani wiki nzima. Siku utakapolifungua, harufu ile nzito itakupanda puani kana kwamba mafuta yalimiminwa jana. Bibi yangu, Bi Mwamini wa Ujiji, alitunza karatasi za watu ndani ya debe la namna hiyo. Alimpa fundi bati alitengenezee mfuniko ambao panya hawezi kuupita. Humo zilikaa kadi za kliniki, vyeti vya ubatizo na vya ndoa, vyeti vya shule, barua za wenyeviti wa mitaa na viapo vilivyogongwa mihuri. Zote zilikuwa karatasi za watu waliowahi kuulizwa na mtu wa ofisini, "Wewe kwenu hasa ni wapi?" wakakosa la kujibu. Kila karatasi iliyotoka humo ilikuwa na ukingo mwekundu wa mafuta. Makarani walizipokea kwa ncha za vidole, wamekunja pua, na Bibi alifurahi sana kuwaona wamekunja pua.

Nimelifungua debe hilo siku ya tatu baada ya kumzika, na tangu siku hiyo sijaweza kula chakula chenye mawese.

Mazishi yalikuwa makubwa. Sisemi hivyo kwa kujivuna, nasema kwa hasira. Walikuja watu kutoka Kibirizi na Katubuka, walishuka watu kutoka milimani, na walikuja pia waheshimiwa kwa magari yao, wakapewa viti vya mbele. Mmoja wao alisimama akamwita Bibi mama wa haki, akatoa kitambaa akajifuta macho. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbebea Bibi mkeka nikiwa mtoto, na sauti ya mtu huyo naijua. Ndiyo iliyokuwa ikituambia tusikae kwenye ngazi za ofisi kwa sababu tunawazibia njia wageni. Miaka yote ile Bibi alipokuwa hai, mtu huyo hakumpa kiti hata siku moja.

Jeneza lilipokuwa tayari kutoka uani, sheikh akauliza lile swali linaloulizwa kila msiba, kwamba kama kuna mtu anamdai marehemu ajitokeze, warithi wamlipe. Kwa kawaida hapo watu hunyamaza kidogo, kisha jeneza hunyanyuliwa. Safari hii, nyuma kabisa upande wa wanawake, akasimama Mama Yusta. Ni jirani yetu, Muha wa Kalinzi aliyeolewa Ujiji na kubaki mjane, Mkristo aliyekuja msibani kwetu amejitanda kanga kama wengine wote. Sasa ni mzee wa mkongojo.

"Mimi namdai," akasema. "Si pesa. Namdai salamu."

Watu wakatazamana. Sheikh akamwomba kwa upole amsamehe marehemu mbele ya mashahidi. Mama Yusta akasema hakuulizwa kama amesamehe, ameulizwa kama anadai, naye amejibu alichoulizwa. Baba yangu, Idi, mwana wa kwanza wa Bibi, akalimaliza jambo hilo kama wanaume wanavyoyamaliza mambo misibani: akanyanyua mkono, akasema deni hilo amelibeba yeye, twendeni, jua linazama. Hakujua amebeba nini. Mama Yusta hata hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, na mimi nikainama nikajifanya natafuta ndala zangu.

Nilikulia kwa Bibi. Baba na Mama walikuwa wanakaa Katubuka na wadogo zangu, wakanitoa nikae Ujiji nimsaidie Bibi kazi ndogo ndogo. Nyumbani tulikuwa watatu: Bibi, mimi, na shangazi Tausi, kitinda mimba wake, aliyekuwa amemaliza shule na alikuwa anangoja kwenda kusomea ualimu. Tausi alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa makarani wote, na barua za Bibi zote aliziandika yeye. Bibi alisoma polepole, kwa kufuata mstari na kidole, lakini kuandika mkono wake ulikataa.

Kazi ya Bibi sikuielewa. Watu waliamka alfajiri wakaja kibarazani kwetu na vibahasha vyao, wakamweleza kwamba mtoto wao amekataliwa fomu, au mume wao amezuiliwa tangu juzi, au akina mama wa Kibirizi wamefukuzwa kwenye mchanga wanaoanikia dagaa. Bibi aliwasikiliza, akajitanda, akanikabidhi mkeka, tukaenda kukaa mbele ya ofisi hadi atoke mtu wa kutusikiliza. Hakupiga kelele. Aliketi, basi, akachambua mboga za jioni hapohapo ngazini. Mimi nilidhani Bibi ndiye mkubwa wa ofisi zote hizo, maana kila tulipokwenda alimjua mlinzi kwa jina na kumuulizia watoto wake. Na tulipokalishwa nje juani nilidhani ni kwa heshima, kwa kuwa ndani hakuna hewa.

Kati ya ua wetu na wa Mama Yusta palikuwa na mstari wa minyaa uliofika kifuani mwa mtu mzima. Kila asubuhi, kabla ya chai, Bibi alisimama upande wetu akasema kwa Kiha, "Mwakeye, Mama Yusta," na Mama Yusta akamjibu kwa Kiswahili chetu cha Ujiji, akamuulizia magoti yake, akamuulizia Tausi, akaniulizia mimi. Kila mmoja alimfuata mwenzake kwenye lugha ya mwenzake. Niliona kwamba hivyo ndivyo watu wote duniani wanavyosalimiana. Kisha ilikuja harufu ya kahawa, kwa sababu kaka zake Mama Yusta walimletea kahawa kutoka Kalinzi, naye aliianika uani, akaikaanga na kuiuza kwa vikombe. Chungu chake cha kwanza kilipitishwa juu ya minyaa, kuja kwetu.

Kila mwaka, siku chache kabla ya Ramadhani, tulikwenda kupalilia makaburi yetu. Mama Yusta alikuja na jembe lake mwenyewe. Bibi alikuwa na desturi yake hapo: mtoto mmoja asimame aeleze ukoo kwa sauti, tangu juu hadi chini, bila kukosea. Tangu nilipojua kusema vizuri mtoto huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nasimama wima kwenye nyasi zilizofyekwa, nasema: Kashindi alivuka ziwa kutoka ng'ambo akiwa mgongoni mwa mama yake. Kashindi akazikwa Ujiji. Kashindi akamzaa Bilali; Bilali akazaliwa Ujiji, akazikwa Ujiji. Bilali akamzaa Ramadhani. Ramadhani akazaliwa Ujiji, akazikwa Ujiji. Ramadhani akawazaa Idi na Tausi. Idi akamzaa Zuhura, ndiye mimi. Mama Yusta alipiga makofi. Bibi hakupiga makofi, ila alinishika kichwa, akaniambia maneno yaleyale ya kila mwaka.

"Ukiulizwa kwenu wapi, usitazame miguu yako. Sema yote, tangu Kashindi."

Mwaka ninaousema, shangazi Tausi alikuwa amechaguliwa chuo cha ualimu, na chuo kikataka barua ya kuthibitisha uraia wake. Fomu iliuliza baba na babu, wamezaliwa wapi. Tausi akaandika Ujiji, Ujiji. Bibi akaitazama, akasema inatosha, wasichouliza tusiwape. Hayo niliyasikia nikiwa jikoni na hayakuniingia akilini. Watoto tulifundishwa kusema yote, na fomu ikafundishwa kunyamaza, na hakuna mtu mzima aliyekaa chini akanieleza kwa nini. Kwa hilo bado namlaumu Bibi.

Fomu ilikaa sana huko ilikokwenda. Hapo ndipo Mama Yusta alipokuja na shauri lake, akaketi mkekani na kikombe mkononi. Alisema kaka yake wa Kalinzi, mkulima anayejulikana na kata nzima, yuko tayari kuapa kwamba Tausi ni mtoto wake wa kuzaa. Ni kiapo cha asubuhi moja. Akawataja watu wawili watatu wa mtaani kwetu waliofanyiwa hivyo na leo ni waajiriwa. Tausi alikuwa anapepeta mchele, ungo ukasimama hewani.

"Tausi ana baba yake," Bibi akasema. "Amelala pale, nampalilia kila mwaka, na wewe unanisaidia."

"Marehemu hatagombana, Bi Mwamini."

"Mimi nitagombana."

Mama Yusta akasema, "Haya," akamaliza kahawa yake. Hakukasirika, nilimwona. Aliyekasirika ni Tausi, aliyekuwa ameanza kupepeta tena kwa nguvu hadi mchele ukamwagika. Siku ile nilikuwa upande wa Bibi, kwa kuwa sikutaka shangazi yangu awe mtoto wa mkulima nisiyemjua na mimi nibaki bila shangazi. Leo siko upande wake. Leo ningemshika Tausi mkono nikapanda naye Kalinzi kwa miguu.

Wiki moja au mbili baadaye, saa sita mchana, pikipiki ikasimama mbele ya kibaraza. Bibi alikuwa amekwenda mjini kwa shida ya mtu mwingine, Tausi alikuwa ziwani anafua. Mimi nilikuwa peke yangu, nachambua mchele. Upande wa pili wa minyaa nilisikia kahawa ikigeuzwa mkekani. Aliyeshuka alikuwa bwana mmoja mpole, mwenye daftari kwapani. Aliniomba maji, nikampa kwa mikono miwili, akayanywa yote akanishukuru. Akasema amekuja kwa ajili ya mambo ya shangazi yangu, ayakamilishe aende chuo. Kisha akaniuliza kama nawajua wazee wetu, na kwetu hasa ni wapi.

Mnaweza kufikiri nilivyofurahi. Miaka yote nilikuwa nimeyaeleza yale mbele ya makaburi, na hatimaye ametokea mtu aliyetoka mbali kwa pikipiki ili anisikilize mimi. Niliweka ungo chini, nikasimama wima, sikutazama miguu yangu. Nikaanza: Kashindi alivuka ziwa kutoka ng'ambo akiwa mgongoni mwa mama yake. Yule bwana akaandika. Nikaendelea na Bilali, nikaendelea na Ramadhani, nikataja makaburi yote, lakini kalamu yake haikuandika tena. Aliandika mstari mmoja tu, kisha akanisikiliza hadi mwisho huku anatabasamu, akafunga daftari. Niliona kwamba mengine anayajua tayari. Akanisifu kuwa nina akili, akaondoka.

Sikumwambia mtu. Nilitaka barua ije imekubali, ndipo niseme kwamba ni mimi niliyemsaidia shangazi. Nilijipangia hata maneno ya kusema.

Barua ilipokuja, Tausi aliisoma amesimama. Ilisema imethibitika kwamba ukoo wa mwombaji umetoka nje, kupitia mtu aitwaye Kashindi aliyeletwa mgongoni mwa mama yake kutoka ng'ambo ya ziwa, na mwombaji anashauriwa kuomba kibali cha kuishi. Kibali cha kuishi Ujiji, alikozaliwa yeye na baba yake na babu yake. Tausi aliketi chini palepale mlangoni. Bibi akachukua barua, akaifuata kwa kidole, na kidole kikasimama kwenye lile neno, mgongoni. Kwamba tulitoka ng'ambo mtu yeyote Ujiji angeweza kuwaambia, nusu ya mji ilitoka huko. Habari ya mgongoni ilikuwa ya ndani, yetu sisi na wale tuliokwenda nao makaburini.

"Zuhura," Bibi akasema, "kuna mtu yeyote alikuja hapa sipo?"

Nikasema hapana.

Ni neno moja. Nimelisema mara nyingi maishani bila kufikiri, kwa wauza nyanya, kwa watoto darasani, na kila ninapolisema najua uzito wake kuliko mtu mwingine yeyote. Bibi aligeuka akatazama minyaa. Akasema kwa sauti ya chini, "Yule Muha." Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. Mwanamke aliyepigana maisha yake yote ili mtu asiitwe kwa alikotoka babu yake, alimwita rafiki yake hivyo ndani ya nyumba yangu ya utotoni, kwa sababu yangu. Akaeleza kwamba Mama Yusta alichukia kukataliwa shauri lake, ndiyo maana. Mimi nilifarijika, na naliandika neno hilo kama lilivyo.

Asubuhi iliyofuata Bibi hakusimama penye minyaa. Mama Yusta ndiye aliyeanza, akauliza Bi Mwamini ameamkaje, na Bibi akaendelea kufagia. Kesho yake vilevile. Mama Yusta aliita asubuhi nyingi, kila mara sauti imepungua, kisha akaacha. Chungu cha kahawa hakikupita tena juu ya minyaa. Na kwa kuwa neno la Bibi lilikuwa na uzito mtaani, wanawake wengine nao wakaacha kununua kahawa pale, wakapita upande wa pili wa njia. Kahawa ya Mama Yusta ikawa inanunuliwa na wapita njia wasiomjua tu. Minyaa ikaachwa ikue hadi tukawa hatuonani.

Bibi aliandika rufaa. Yaani Tausi aliandika rufaa ya kesi yake mwenyewe kwa ule mwandiko wake mzuri, Bibi akaipeleka, akaketi ngazini, akarudi, akaketi tena. Chuo kilifunguliwa bila Tausi. Siku moja Tausi alinikabidhi begi lake nimsindikize Kibirizi, Bibi akiwa mbele ya ofisi fulani kwa kesi ya mtu mwingine. Ufukweni dagaa walikuwa wameanikwa kila mahali, tukapita katikati yao kwa tahadhari, na harufu yao iling'ang'ania nguo zetu. Lilikuwapo boti la mizigo linavuka. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Si wamesema kwetu ni ng'ambo? Nikapaone," akasema. "Mwambie mama nimekwenda kwa Kashindi."

Nilifurahi kwa ajili yake. Mimi nilijua kwamba huko ng'ambo wamesimama watu wa Kashindi ufukweni wanatungoja, wanatujua kwa majina, kwa kuwa sisi tuliwajua wao. Nilimpungia mkono boti lilipoondoka. Bibi aliporudi jioni nikampa ujumbe wake, akaketi na mtandio wake kichwani, hakuuvua hadi tulipolala.

Tausi alileta barua moja. Alisema huko wanamwita Mtanzania. Alisema ameolewa, na kwamba mkate wa muhogo wa kule si mbaya. Halafu hapakuwa na kitu, hadi mchuuzi mmoja wa vitenge alipoingia uani kwetu bila mzigo wake, nikajua kwa namna alivyovua kofia. Tausi alikuwa amefariki katika uzazi, yeye na mtoto. Kulikuwa na vurugu sehemu ile na watu walikuwa wanahamahama. Mchuuzi hakuweza kusema amezikwa wapi. Bibi alimuuliza hilo tu, mara nyingi, kaburi liko wapi, na yule mtu alizidi kutikisa kichwa.

Miezi kadhaa baadaye rufaa ikajibiwa. Bahasha ilikuwa nene. Bibi aliifungua kibarazani, akasoma ukurasa wa juu kwa kidole, akaniambia: wamesema Tausi ni raia wa kuzaliwa. Kisha akanituma maji. Niliporudi na ndoo, bahasha ilikuwa imeingia kwenye debe na Bibi alikuwa ameketi na kitana mapajani. Akaniita, akaniweka katikati ya magoti yake, akanifumua nywele akanisuka upya, ingawa nilikuwa nimesukwa juzi yake tu. Alisuka polepole, nywele moja moja, hadi giza likaingia. Nilidhani anamkumbuka Tausi kichwani mwangu. Nililala usingizi mzuri siku ile.

Baada ya hapo alifanya kazi yake kwa miaka yote iliyobaki, na wengi waliokuja msibani walipata barua zao kwa mikono yake. Nilikua, nikasoma, nikawa mwalimu badala ya Tausi, nikaajiriwa Dodoma. Kila nilipokwenda likizo nilipita mbele ya nyumba ya Mama Yusta na viatu vyangu vya mjini, nikasema shikamoo bila kusimama. Alijibu marahaba. Bibi alipita pale kila siku ya Mungu na hakusema kitu.

Siku ya tatu ya msiba, Baba alinipa kazi ya kupanga karatasi za debe, kila moja irudi kwa mwenyewe. Bahasha ya Tausi ilikuwa chini kabisa. Ukurasa wa juu ndio ule Bibi aliokuwa amenisomea. Nyuma yake walikuwa wameambatanisha nakala za jalada zima, na kwenye ukurasa wa tatu nikasoma: mtoto wa kaka wa mwombaji, Zuhura Idi, aliyekutwa nyumbani, amekiri kwamba ukoo umetoka ng'ambo. Amekiri, wameandika. Pembeni ya jina langu karatasi imelowa mafuta, mahali ambapo kidole kilisimama muda mrefu.

Kwa hiyo alijua. Alijua tangu siku ile ya nywele. Alijua, akaniacha nilale, na akamwacha Mama Yusta abaki na jina alilombandika, mwaka baada ya mwaka, kahawa yake haina mnunuzi mtaani. Wale waliosimama kumsifu kwamba hakuwahi kumnyima mtu haki yake, hata kidogo, walikosea kwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa anasikiliza kutoka safu ya nyuma. Nililia kwa hasira, nikamtukana Bibi kwa sauti ndani ya chumba chake mwenyewe. Kisha nikaona aibu, kwa sababu kosa la kwanza halikuwa lake.

Asubuhi ya siku ya nne nilizunguka minyaa. Mama Yusta alikuwa uani ameketi kwenye kigoda, kahawa kidogo imeanikwa mbele yake.

"Mwakeye, Mama Yusta."

Hakuitika. Alinionyesha mkeka kwa mkongojo, nikaketi. Nikamwambia nimekuja na karatasi, nikamsomea ukurasa wa tatu, hadi jina langu, hadi lile neno amekiri. Alikuwa anachagua kahawa mbovu kwa vidole, hakuacha.

"Alijua tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwaka uleule alipofariki Tausi."

Vidole vikasimama. Alitazama upande wa nyumba yetu muda mrefu, na nikaona kwamba hilo hakuwa akilijua, na kwamba nimempa kitu kibaya zaidi ya kile alichokuwa nacho.

"Mimi nilikuona," akasema. "Nilikuwa hapahapa nageuza kahawa. Nilikusikia unamtajia yule bwana makaburi yote, nikasema mwana wanje, mwanangu huyu, anajua. Bibi yako alipoacha kuniitika nikafahamu ni kwa nini. Nikasema nisimtaje mtoto, mtoto atasema mwenyewe. Nikangoja ukue."

Nikaikunja karatasi, nikaikunjua tena.

"Ukakua. Ukaja na viatu vyako, shikamoo, marahaba. Nikasema labda mwaka ujao." Akarudi kuchagua kahawa yake. "Yeye nilimdai salamu. Kafa nazo. Wewe ndiye nilikuwa nakutazama pale uani, ukatafuta ndala."

Nikamwomba msamaha. Nilipiga magoti mkekani, nikasema yote niliyopaswa kuyasema nikiwa na miaka tisa. Alinisikiliza hadi mwisho, kama yule bwana wa daftari. Hakusema amesamehe na hakusema hakusamehe.

"Njoo kesho asubuhi uniamkie," akasema. "Pale penye minyaa, kama alivyokuwa akifanya. Na keshokutwa. Nikitosheka nitakwambia."

Nikaitika. Nikarudi ndani kumalizia kupanga karatasi za watu. Tiketi yangu ya treni ilikuwa ya siku ileile, na Baba alikuwa amekwishaita bodaboda ya kubeba begi langu. Stesheni dirisha la tiketi lilikuwa wazi na hapakuwa na foleni. Ningesogea hatua tano nikaomba nibadilishiwe siku. Nilisimama pale na begi mkononi hadi filimbi ikalia. Nilipanda.